Napenda kila kitu chuoni. Je, nitafanya kazi gani?

"Shikamoo mshauri. Niko mwaka wa pili, nasomea takwimu. Shida yangu ni kwamba napenda kila kitu. Nilipofika chuoni nilijiunga na klabu ya mdahalo, nikaingia kikundi cha maigizo, kisha klabu ya astronomia. Kongamano lolote likitangazwa nami nimo. Vyeti vya ushiriki nimeshajaza faili. Kwenye mdahalo huwa sizungumzi sana, ila ndiye ninayetunza alama za wasemaji na kuonesha nani anapanda na nani anashuka. Kwenye maigizo napanga ratiba ya mazoezi na kuhesabu watazamaji wa kila usiku. Kwenye astronomia nilianzisha daftari la tunachokiona kila tunapotoka kutazama anga, na sasa tuna kumbukumbu za muhula mzima. Narudi chumbani nina furaha hadi usingizi unakataa. Lakini wenzangu wameshajua waendako: huyu benki, yule bima, yule ualimu. Mimi wiki hii nataka kuwa mtangazaji wa vipindi vya sayansi, wiki ijayo nataka kuandika tamthilia. Mama ananiambia mshika mbili moja humponyoka. Muhula uliopita alama zangu zilishuka kidogo. Sasa nimeombwa nigombee uenyekiti wa klabu ya mdahalo, jibu linatakiwa mwisho wa mwezi. Nikubali? Au niache klabu zote nisome tu, maana labda sikujaliwa kipaji cha kitu kimoja?"

Marahaba, mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliona wasiwasi tu: wenzako wameshika njia, wewe bado unazunguka, na unaogopa kwamba kupenda mengi ni dalili ya kukosa kimoja. Mara ya pili niliona jambo ambalo umeliandika kwa mkono wako na kulipita haraka, nami naliona ndilo kubwa kuliko yote uliyoyasema. Nitalifikia. Kabla ya hapo kuna mawazo mawili yanayokusumbua bure.

La kwanza ni hilo la kujaliwa. Wanafunzi wengi ninaokaa nao huamini kwamba kila mtu kazaliwa na shauku yake moja, imekwisha kuiva, na kazi ya miaka ya chuo ni kuisaka mpaka ionekane. Mwaka 2018 wanasaikolojia Paul O'Keefe, Carol Dweck na Gregory Walton walichapisha utafiti kuhusu imani hiyo. Katika jaribio mojawapo, wanafunzi wa chuo walioneshwa video ya kuvutia kuhusu mashimo meusi ya angani, wakavutiwa kweli. Baadaye wakapewa makala ngumu ya kisayansi juu ya jambo hilohilo. Walioamini kwamba shauku hupatikana ikiwa tayari ndio waliopoa zaidi. Ukifikiri kidogo utaona kwa nini. Mtu anayeamini kwamba kitu chake kitamjia kwa wepesi, siku kinapokuwa kigumu hukata shauri kwamba kumbe hakikuwa chake. Anaondoka, anakwenda kwenye kingine, nacho kinamchangamsha mpaka kifike mahali pake pagumu. Kwa hiyo swali lako la "nimejaliwa nini?" lina madhara kuliko linavyoonekana, kwa sababu linakufundisha kuacha mambo pale yanapoanza kukujenga.

Wazo la pili ni kwamba anayependa mengi hayuko makini. Hapa naomba tukae kidogo.

Suzanne Hidi na Ann Renninger, watafiti wa elimu, mwaka 2006 walieleza kukua kwa shauku katika hatua nne. Hatua ya kwanza kitu cha nje kinakugusa: tangazo ukutani, msemaji hodari, picha ya sayari kwenye darubini. Ya pili, mazingira yanaendelea kukushikilia, kwa mfano kuna kikundi, kuna siku maalumu ya kukutana, kuna marafiki wanaokungoja. Ya tatu, shauku inaanza kuwa yako: unajiuliza maswali ambayo hukuulizwa, unarudi kwenye jambo hilo siku ambayo hukuitwa. Ya nne ni ya mtu aliyezama, ambaye hata akikwama anaendelea kwa sababu tayari ana maarifa, na maarifa hayo yenyewe yanamzalishia maswali mapya.

Tazama tofauti iliyopo katikati. Katika hatua mbili za mwanzo mzigo unabebwa na wengine. Furaha unayorudi nayo chumbani usiku ni ya kweli, sikubishii, ila sehemu kubwa yake imebebwa na ukumbi: watu, makofi, upya wa jambo lenyewe. Ndiyo maana mtu hutoka kwenye kongamano ameapa kubadili maisha, na wiki ikiisha hata mada ya kongamano haikumbuki. Hajawa mwongo, ila kilichombeba kimefungwa na taa zimezimwa. Na mwanafunzi wa mwaka wa pili kuwa na mambo mengi katika hatua za mwanzo ni kawaida kabisa. Ndio wakati wake. Ningekuwa na wasiwasi iwapo ungefika mwaka wa mwisho yote yakiwa bado hapohapo.

Sasa lile jambo. Rudi kwenye barua yako, soma unachokifanya ndani ya kila klabu. Kwenye mdahalo, chama cha wazungumzaji, unatunza alama na kuonesha nani anapanda. Kwenye maigizo, mahali ambapo karibu kila mtu anataka kuonekana, unahesabu watazamaji. Kwenye astronomia umeanzisha daftari la kumbukumbu. Klabu tatu, mada tatu zisizohusiana, na kila mara mkono wako umekwenda kwenye kazi ileile: kufuatilia kinachotokea, kukiandika kwa mpangilio, na kuwaonesha wenzako sura yake. Juu ya hayo yote unasomea takwimu! Unasema unapenda kila kitu. Barua yako inasema vingine.

Daftari la nyota ndilo lililonishawishi zaidi. Hujaniambia kwamba uliagizwa. Umeandika "nilianzisha", kisha muhula mzima umepita na bado linajazwa. Hiyo ni hatua ya tatu tayari, hata kama wewe uliihesabu kama kijikazi cha pembeni.

Lakini tusiende mbio, maana kuna maelezo mengine yanayowezekana. Wapo watu wanaoshika daftari kwa sababu wanaogopa kusimama mbele, na daftari ni mahali pazuri pa kujificha. Siwezi kujua kutoka kwenye barua. Jiulize hivi: kesho mwenzako akisema atachukua kazi ya kutunza alama, nawe upangwe kuzungumza, utajisikia umepumzishwa au umenyang'anywa? Ukijisikia umenyang'anywa, kazi hiyo unaipenda. Ukijisikia umefunguliwa, basi ulikuwa unatamani jukwaa na woga ndio uliokuzuia, na hilo ni la kulifanyia kazi kwa njia nyingine.

Wanafunzi wanapozungumza juu ya kazi huzungumzia mada: sayansi, sanaa, siasa. Kazi halisi, ukishaingia ndani, huwa ni vitendo vya kila siku. Mtangazaji wa sayansi hashindi siku nzima akitangaza. Hushinda akisoma ripoti, akihakiki tarakimu, akiwapigia watu simu, akikata maneno. Kwa hiyo ukitaka kujua kazi ikufaayo, tazama vitendo unavyovirudia bila kusukumwa kabla ya kutazama jina la fani.

Ndoto zako mbili tuzipime kwa kipimo hicho. Utangazaji wa sayansi uko karibu na unachokifanya kuliko unavyodhani. Hans Rosling, daktari wa Sweden aliyefariki mwaka 2017, alijulikana duniani kote kwa kusimama mbele ya grafu za umri wa kuishi na kipato cha nchi mbalimbali, akizisimulia kwa pumzi ya mtangazaji wa mpira huku vidoti vikikimbia kwenye skrini. (Alikuwa pia anajua kumeza upanga, na aliwahi kufanya hivyo jukwaani mwisho wa mhadhara. Usijaribu.) Yeye hakuchagua kati ya tarakimu na jukwaa. Siku hizi vyumba vya habari vina waandishi wanaoishi kwa kuchambua data, vituo vya redio na televisheni vina watu wa kupima idadi ya wasikilizaji na watazamaji, timu za michezo zina wachambuzi, na taasisi za utafiti zinatafuta sana mtu anayeweza kueleza jedwali kwa lugha ya watu. Anayejua kuhesabu na pia kusimulia hapatikani kwa urahisi.

Kuhusu tamthilia nitasema bila kuzunguka: hujaniambia kwamba umewahi kuandika hata onyesho moja. Kutamani kuwa mwandishi na kupenda kuandika ni mambo mawili, na la kwanza halimfikishi mtu popote. Wiki hii andika kurasa tatu za mazungumzo ya watu wawili wanaogombania kitu. Ukimaliza ukatamani kuzirekebisha, endelea. Ukiona kilichokuvutia ni ukumbi wa maigizo na watu wake, hilo nalo ni jibu, na ukumbi utaendelea kukuhitaji wewe unayepanga ratiba. Kuna fani kamili ya usimamizi wa jukwaa, na watu wanalipwa kwayo.

Tuje kwenye faili la vyeti. Mwaka 1973 Mark Lepper na wenzake wawili walichunguza watoto wa shule ya awali waliopenda kuchora kwa kalamu za rangi. Baadhi waliahidiwa zawadi wakichora, na zawadi yenyewe ilikuwa cheti, chenye muhuri wa rangi ya dhahabu na utepe. Siku zilizofuata, watoto hao walipoachwa wacheze watakavyo, walitumia kwenye kalamu takribani nusu ya muda uliotumiwa na wenzao ambao hawakuahidiwa kitu. Na waliopewa cheti kwa kushtukizwa, bila ahadi ya awali, hawakupoa. Kilichoharibu ni kuchora kwa ajili ya cheti. Nakuomba uangalie kama mkono wako umeanza kwenda kwenye makongamano kwa sababu hiyo. Mwajiri anayepitia wasifu haoni mengi katika cheti cha ushiriki. Kinathibitisha kwamba ulikuwepo. Anachokitafuta ni kitu ulichokifanya kikaisha, kinachoweza kuoneshwa na kuulizwa maswali.

Hapo ndipo ulipo upungufu wako, ukiniruhusu kuuita hivyo. Una mwanzo mwingi wa vitu na hakuna kilichofungwa. Daftari la nyota lipo, lakini je, limekuwa ripoti? Alama za mdahalo zimejaa, je, umewahi kujibu hata swali moja kwa kuzitumia, mfano kama anayezungumza mwisho hupata alama za juu kuliko anayeanza? Hilo ni swali halisi la takwimu na data unayo mkononi. Na kwa upande wa anga, tangu mwaka 1911 kuna chama kiitwacho AAVSO kinachokusanya makadirio ya mwangaza wa nyota zinazobadilika, na sehemu kubwa ya makadirio hayo hutoka kwa watu wasiolipwa, wakiwa na macho yao, ramani ya nyota za kulinganishia na uvumilivu. Wanaastronomia wa kazi huyatumia. Daftari lako likifuata utaratibu wa namna hiyo, yaani tarehe, saa, nyota, mwangaza uliokadiriwa na nyota zilizotumika kulinganisha, linaacha kuwa kumbukumbu ya matembezi na kuwa data.

Matukio ya chuoni yana faida moja kubwa ambayo wengi hawaielewi vizuri. Mwaka 1973 huohuo mwanasosholojia Mark Granovetter alionesha kwamba katika watu aliowahoji, waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu, chini ya 17 kwa kila 100 walikuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara. Zaidi ya nusu walionana naye mara mojamoja, na zaidi ya robo mara moja kwa mwaka au pungufu. Rafiki yako wa karibu anajua nafasi zilezile unazozijua wewe; anayekufahamu kwa mbali anaishi kwenye duara jingine la habari. Wahojiwa wake walikuwa wachache na wa eneo moja la Marekani, lakini mwaka 2022 majaribio yaliyofanywa kwenye mtandao wa LinkedIn kwa watu zaidi ya milioni 20 yaliunga mkono wazo hilo, yakiongeza kitu muhimu: wanaosaidia zaidi ni wale wa katikati, ambao hamko karibu sana wala si wageni kabisa. Kwa hiyo kukusanya namba za simu za watu thelathini kwenye maonesho ya ajira hakukusaidii sana. Zungumza na wawili. Waulize siku yao ya kazi ikoje kuanzia asubuhi. Baada ya wiki mbili waandikie ujumbe mfupi wa kuwaeleza ulichokifanyia kazi kutokana na mazungumzo yale. Hapo umetoka ugeni.

Umeuliza kama uache klabu zote. Sikushauri, lakini sitaki pia nikufiche gharama ya kubaki. Alama zimeshuka, na kabla ya kuzilaumu klabu tafuta sababu hasa. Chukua somo lililoshuka zaidi, utazame kama ulikosa vipindi, au ulihudhuria hukuelewa, au ulielewa hukufanya mazoezi. La kwanza na la tatu ni suala la muda, na hapo kupunguza klabu kunasaidia. La pili halitibiwi kwa kuacha maigizo; linatibiwa kwa kukaa na mhadhiri. Wapo wanaoacha kila kitu "wasome tu", kisha saa zilizookolewa zinaliwa na simu na upweke, alama zikabaki palepale.

Hujagusia kubadili kozi, ila nahisi umeliwazia. Kuhama kuna maana pale ambapo kazi yenyewe ya fani, yaani mazoezi na usomaji wake wa kila wiki, inakuchosha hata siku ambazo umelala vizuri. Gharama yake ni muda, ada, na pengine kurudi mwaka wa kwanza. Kwa ulivyojieleza, takwimu ndiyo inayokufungulia milango mingi kuliko utangazaji, kwa sababu kutoka takwimu kwenda kwenye habari kunawezekana baadaye kwa vitendo, ila kurudi kutoka habari kwenda takwimu ni kugumu zaidi. Hata hivyo, kama kuna mwezi wa mwisho wa kuomba uhamisho chuoni kwenu, ujue ni lini, ili usiamue kwa kuchelewa tu.

Maneno ya mama yana ukweli wake. Mpelekee kitu kimoja kilichokamilika, umwoneshe. Mabishano juu ya vipaji hayatamtuliza, ila ripoti yenye jina lako mbele itampa la kuwaambia watu.

Kuna mambo ambayo barua haitoshi, inabidi uonane na mtu ana kwa ana. Suala la kozi na alama lipeleke kwa mshauri wako wa masomo idarani, ukiwa na nakala ya matokeo mkononi. Uchaguzi wa fani upeleke kwenye ofisi ya ushauri wa wanafunzi. Na kuna la afya. Umesema furaha inakunyima usingizi; ikitokea usiku mmoja baada ya tamasha, ni kawaida. Lakini ukikaa siku kadhaa mfululizo unalala saa chache mno na huchoki, mawazo yanakimbia, unaongea kwa kasi kuliko kawaida yako, unatumia pesa au kuahidi watu mambo makubwa, muone daktari mapema. Vilevile kama yote haya yakizimika na wiki mbili zikapita huna hamu ya chochote, chakula na usingizi vimevurugika, au unaona hakuna haja ya kuishi. La mwisho hilo hata usingoje kesho: mwambie mtu aliye karibu nawe akupeleke hospitali.

Uenyekiti sasa. Mwenyekiti wa klabu hushinda akisuluhisha ugomvi, akitafuta ukumbi, akiwabembeleza waliochelewa kulipa michango. Ni kazi ya heshima na inamfunza mtu mengi, lakini katika barua yako yote sijaona mahali ulipofurahia kitu cha namna hiyo, na mwaka mzima wa kazi hiyo utakula muda uleule ambao ripoti zako zinauhitaji. Ningekuwa wewe ningekataa, na ningekataa wiki hii, wala nisingengoja mwisho wa mwezi, ili atakayegombea apate muda wa kujiandaa. Waambie unabaki na alama za wasemaji, na kwamba kabla muhula haujaisha utawaletea uchambuzi wa msimu mzima wa midahalo. Taja tarehe mbele yao. Kati ya maigizo na astronomia, kaa na zote mbili kwa muhula huu mmoja, ila makongamano yasizidi mawili, na uyachague kwa kutazama nani atakayekuwepo unayetaka kumuuliza kitu.

Data ya mdahalo ianze Jumamosi hii. Safu nne zinatosha: tarehe, msemaji, nafasi aliyozungumza, alama.